Waifai si Intaneti: Istilahi za Mtandao wa Nyumbani na Nakala ya Akiba

Yako maneno yaingiayo katika lugha yetu kwa njia ya ofisini: hupendekezwa, hujadiliwa, husanifiwa, kisha hupelekwa kwa wananchi katika orodha iliyopigwa chapa. Yako na mengine ambayo huingia dukani pamoja na bidhaa yenyewe, na kabla hatujaketi kuyajadili yamekwisha kuoa na kuzaa. Maneno ya mtandao wa nyumbani ni ya aina hii ya pili. Mtu anunuapo kijisanduku cha intaneti mjini Mbinga aghalabu hukikuta na karatasi ya maelezo isiyo na neno hata moja la Kiswahili, na fundi aliyekuja kumfungia humwachia maneno matano au sita ambayo ndiyo atakayoyatumia tangu siku hiyo: waifai, ruta, bando, nywila, wingu, bakapu.

Makala haya yanakusudia kuyaeleza maneno hayo kwa kuifuata kazi yenyewe, yaani namna mtandao wa nyumba moja unavyojengwa tangu mwanzo, namna picha na sauti zinavyotiririshwa ndani yake, na namna kumbukumbu zinavyowekewa akiba. Tumeichagua njia hii kwa sababu istilahi nyingi za uwanja huu zinaelekea kuwa zilitafsiriwa neno kwa neno na watu wasiokuwa na kifaa mbele ya macho yao. Hasara inayotokana na neno baya katika jambo hili si hasara ya ufasaha tu. Mwalimu aliyeambiwa kwamba kumbukumbu zake "zimehifadhiwa", naye akaamini, anaweza kupoteza kwa radi moja alama za wanafunzi wake za miaka sita, daftari la chama cha kuweka na kukopa analoliandika yeye kama katibu, na sauti ya marehemu mama yake.

Basi tuchukue mfano wa nyumba ya mwalimu huyo mjini Mbinga: nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa mabati, ina vyumba vinne. Mwalimu ana simu, mkewe ana simu, yuko binti wa kidato cha tatu, na kuna kompyuta mpakato moja na televisheni. Ana pia mdogo wake huko ziwani, Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Huyu ndugu tutamhitaji baadaye. Nyumba ya namna hii isingeweza kuwa mfano wetu miaka ishirini iliyopita. Nyaya za baharini za SEACOM na EASSy zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 na mwaka 2010. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulijengwa tangu miaka hiyo hiyo ili kuyafikisha mawasiliano hayo mikoani. Na umeme wa gridi ya taifa uliingia Songea mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, baada ya muda mrefu wa jenereta za dizeli.

Kosa la kwanza, nalo ndilo linalozaa mengine, ni kulitumia neno waifai kwa maana ya intaneti. Bando likimalizika mtoto husema, "Baba, waifai imekwisha." Waifai haikuisha, wala si kitu cha kuisha. Waifai ni mawimbi ya redio yanayounganisha vyombo vilivyomo katika nyumba moja: simu na kijisanduku, kijisanduku na televisheni. Intaneti ni mitandao yote ya dunia iliyounganishwa pamoja, na nyumba huifikia kwa kupitia mnara wa kampuni ya simu au waya wa mkongo. Waifai ni kijia cha uani, intaneti ni barabara kuu ya kwenda Songea na kwingineko. Barabara kuu ikifungwa kijia cha uani kingali pale, na watu wa nyumba moja wanaweza kuendelea kupelekeana vitu. Asiyeijua tofauti hii hatafahamu kamwe kwamba anaweza kuangalia filamu iliyomo katika kompyuta yake kwa kutumia televisheni ya sebuleni bila kulipa senti moja ya bando.

Kuhusu jina lenyewe, wafasiri wengine wamejisumbua bure. Mwaka 1997 chama cha wahandisi kiitwacho IEEE kilitoa kanuni za mawasiliano ya aina hii na kuzipa namba, 802.11. Namba haiuzi bidhaa. Mwaka 1999 makampuni yaliyokusudia kuuza vyombo hivyo yaliiajiri kampuni ya kubuni majina, Interbrand, nayo ikatoa jina Wi-Fi kwa kulifananisha na Hi-Fi, jina lililozoeleka la vyombo vya muziki. Sehemu ya pili ya jina hilo haikukusudiwa kuwa na maana yoyote, na kwa hiyo kutafuta Kiswahili chake ni sawa na kutafuta Kiswahili cha jina la sabuni. Maoni yetu ni kwamba waifai ibaki kuwa waifai, ikiandikwa kwa sauti za Kiswahili, na kwamba dhana pana iitwe mtandao wa nyumbani. Neno pasiwaya, ambalo limo katika tafsiri kadhaa, halina kosa na linafaa katika maandishi, ingawa hatujalisikia likisemwa na mtu anayetafuta mahali pa kukaa ili apate mawimbi.

Sasa tukifungue kijisanduku. Fundi hukiita ruta. Wengine wamekiita kipanga njia. Katika simu nyingi zilizowekwa lugha ya Kiswahili kimeandikwa kisambaza data. Kila jina lina ukweli wake, kwa sababu ndani ya kijisanduku kimoja mna vyombo vitatu vilivyofungwa pamoja. Cha kwanza ni modemu, ambayo huzigeuza ishara za mnara au za waya ziwe taarifa zinazofahamika na kompyuta, na kuzigeuza tena zinapotoka. Cha pili ni ruta hasa, ambayo hukipa kila chombo cha nyumbani anwani yake na kuzielekeza taarifa kwa mwenyewe, ili barua ya mama isifike katika simu ya binti. Cha tatu ni kisambaza mawimbi, ambacho ndicho kitoacho waifai. Simu ikionyesha alama ya waifai lakini kurasa hazifunguki, kisambaza mawimbi ni kizima na shida iko kwenye modemu, kwenye mnara, au kwenye bando. Alama yenyewe ikitoweka, shida iko nyumbani. Mtu mwenye maneno matatu anaweza kumweleza fundi kwa simu ni kipi kilichoharibika. Mwenye neno moja atasema tu kwamba ruta ni mbovu, na fundi atakuja kwa nauli ya mwenye nyumba.

Hapa pana mgongano mmoja unaostahili kusuluhishwa. Taarifa zinaposafiri hukatwakatwa vipande vidogo, na wafasiri wa vitabu vya kompyuta wamekiita kipande kimoja kifurushi. Lakini makampuni ya simu nayo yameliteka neno hilo hilo, na kwa mwananchi kifurushi sasa ni kiasi cha intaneti au cha dakika anachokinunua. Neno moja haliwezi kubeba maana mbili katika uwanja mmoja, na katika ugomvi huu soko limekwisha kushinda. Tunapendekeza kifurushi kiachiwe biashara, sawa na bando, na kipande cha taarifa kiitwe pakiti.

Kijisanduku huwekwa wapi? Wengi hukiweka nyuma ya televisheni, mahali pabaya kupita pote. Mawimbi anayoyashughulikia mwalimu ni ya aina mbili: yale yatokayo mnarani na kuingia katika kijisanduku, na yale yatokayo katika kijisanduku na kuenea nyumbani. Mbinga ni nchi ya milima, na mlima mmoja ukisimama kati ya nyumba na mnara mawimbi hudhoofika. Hivyo kijisanduku chenye laini ya simu ndani yake hufaa kikae juu, karibu na dirisha linaloelekea mnarani. Ndani ya nyumba kuna masafa mawili ya kuchagua. Masafa ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, lakini yana msongamano. Ya gigahezi 5 ni ya kasi zaidi lakini huchoka upesi yakikutana na ukuta wa matofali. Katika nyumba ya vyumba vinne ya matofali ya kuchoma, vyumba vya nyuma vitumie 2.4. Kwa umeme unaokatika, vijisanduku vingi vya nyumbani hutumia volti 12 tu, na betri ndogo inatosha kukiweka macho kwa saa kadhaa.

Nywila, au nenosiri, ni mbili na si moja. Moja ni ya kujiunga na waifai, ambayo mgeni anaweza kupewa. Ya pili ni ya kuingia katika mipangilio ya kijisanduku chenyewe, na hii mgeni hapewi. Kiwandani vijisanduku vingi huwekewa nywila ya pili iliyo rahisi na inayojulikana duniani kote. Asiyeibadilisha ameacha ufunguo mlangoni.

Kabla ya kufika kwenye mtiririko inatulazimu kusema neno juu ya biti na baiti, kwa maana maneno haya mawili yamewatia hasara watu wengi wanyofu. Biti ni chembe ndogo kabisa ya taarifa, ama sifuri ama moja. Baiti ni biti nane. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti kwa sekunde, lakini huuza bando kwa megabaiti na gigabaiti. Aliyeahidiwa megabiti 8 kwa sekunde atapata megabaiti 1 kwa sekunde, na akidhani ameibiwa atakuwa amedhani hivyo kwa sababu ya irabu chache tu. Katika tafsiri tusikubali kifupisho "MB" kitumike kwa vyote viwili. Afadhali maneno yaandikwe kwa ukamilifu, hata kama jedwali litapanuka.

Kutiririsha ni neno zuri, na tunawapongeza waliolichagua. Kitu kinachotiririka huja kidogo kidogo bila kukoma, kama kijito cha milima ya Matengo, na ndivyo sauti na picha zinavyokuja: hazisubiriwi mpaka zote zimefika, bali husikilizwa na kutazamwa zikiwa njiani. Kinyume chake ni kupakua, ambako kitu chote huletwa kwanza kikawekwa ndani ya chombo. Mpishi akisha kupakua, chakula kiko sahanini na moto ukizimika si neno. Lakini anayetazama kwa mtiririko, intaneti ikikatika, naye amekatika. Jambo moja tu katika matumizi ya neno hili linatusumbua. Tiririsha ni kitenzi cha kusababisha, na msababishaji ni mtoaji, si mpokeaji. Mtu asemaye "jana usiku nilitiririsha mpira" amejifanya kituo cha televisheni. Tungependa ikaandikwa kwamba kituo hutiririsha na mtazamaji hutazama kwa mtiririko. Vilevile mtiririko usichanganywe na mubashara: matangazo mubashara ni ya jambo linalotendeka wakati ule ule, lakini hotuba ya mwaka 1975 inaweza kuja kwa mtiririko leo.

Wazee wetu waliozoea redio hudhani mtiririko ni redio ya kisasa. Sivyo. Wimbi moja la redio husikilizwa na kijiji kizima bila kupungua, na mwenye redio hamlipi mtu kwa kusikiliza. Katika mtiririko wa intaneti kila msikilizaji huletewa mkondo wake peke yake, na kila mkondo hula bando. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti 58 kwa saa. Picha ya megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa hiyo hiyo. Watatu wakiangalia mchezo mmoja katika simu tatu chini ya paa moja, hesabu huzidishwa kwa tatu, ingawa mpira ni ule ule na bao ni lile lile.

Jambo ambalo wanafunzi hulifahamu kwa taabu ni kwa nini picha huendelea kwenda kwa sekunde kadhaa baada ya intaneti kukatika, au kwa nini husimama ikizungusha kiduara. Mwalimu wa Mbinga ana kielelezo mbele ya mlango wake ambacho hakuna kitabu cha kompyuta kitakachomletea. Wamatengo hulima katika miteremko mikali kwa mfumo wa ngoro: nyasi hufyekwa na kulazwa katika miraba, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunikwa juu ya nyasi, na mteremko mzima hubaki na mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ya ghafla haiporomoki na shamba. Hujaa mashimoni, kisha huingia ardhini polepole, na mimea hunywa hata siku isiyo na mvua. Chombo kinachoonyesha picha nacho kina shimo la namna hiyo. Hukusanya sekunde kadhaa za mbele, kikaonyesha kutoka shimoni, na mvua ya intaneti ikikatika kidogo mtazamaji hajui. Kiduara huzunguka pale shimo linapokauka.

Shimo hilo tuliite nini? Katika simu nyingi za Kiswahili kuna kitufe kilichoandikwa "Futa akiba", nacho hufuta vitu vya aina ya jamaa ya huyu: vitu vilivyowekwa kwa muda ili visiletwe tena kutoka mbali. Hapa hatuna budi kusema wazi kwamba neno limekosewa, na limekosewa vibaya. Akiba ni kitu ambacho mtu mwenye akili hakifuti. Vitu hivi vya muda vinaweza kufutwa leo na kesho vikajikusanya vyenyewe, kama maji katika kisima kilichotekwa. Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo hasa: kulimbika, yaani kuyangoja maji yajikusanye shimoni ndipo yatekwe. Tunapendekeza limbiko litumike kwa taarifa zinazokusanywa kwa muda, na kitufe kile kisomeke "Futa limbiko". Akiba tunaitaka kwa kazi nyingine kubwa zaidi.

Lakini kwanza tumalize la mtiririko. Kwa kuwa waifai si intaneti, mwalimu wetu anaweza kuigeuza kompyuta kuukuu kuwa seva ya nyumbani, yaani kompyuta ihudumiayo nyingine. Huijaza vitabu, nyimbo za kwaya, masomo na filamu, akaweka programu ya seva kama Jellyfin, ambayo haiuzwi, na kila simu na televisheni ya nyumba ikapata kutazama kwa mtiririko kutoka humo. Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao yake. Kitabu kikipakuliwa mara moja, binti na rafiki zake watano wanaweza kukisoma kutoka seva ya nyumbani kwa bando lililotumika mara moja. Kwa shule iliyo mbali na mnara faida hii ni kubwa kuliko faida zote tulizozitaja.

Tumefika penye kiini cha makala haya. Kuna jambo ambalo fundi huliita bakapu, na ambalo katika Kiswahili lina majina matatu yanayoshindana: hifadhi, nakala rudufu, na chelezo.

Hifadhi tuliondoe mara moja. Neno hili limekwisha kupewa kazi ya kukiweka kitu katika kompyuta au simu kwa kubonyeza kitufe baada ya kuandika. Aliyehifadhi kwa maana hiyo ana kitu kimoja mahali pamoja. Chombo kikiungua, kikiibwa au kikitumbukia ziwani, kitu kimekwenda nacho. Kumwambia mtu "hifadhi data zako" ukiwa na maana ya kuweka nakala ya pili ni kumwambia afanye jambo ambalo anaamini amekwisha kulifanya. Makosa mengi ya kupoteza kumbukumbu, kwa maoni yetu, huanzia katika kitenzi hiki kimoja.

Nakala rudufu ni afadhali, na wafasiri wengi wameizoea. Lakini walimu wa zamani watakumbuka mashine za kurudufu za shuleni, zile za wino na karatasi ya nta, ambazo tulizitumia kuchapa mitihani. Kurudufu ni kutoa nakala nyingi ili zigawiwe. Wazo la kuiweka moja kando, mahali pengine, isiguswe mpaka siku ya shida, halimo katika neno.

Chelezo limeenea katika tafsiri za baadhi ya programu na katika mashine za kutafsiri, nalo lina historia ya kuvutia. Limetokana na kitenzi eleza kwa maana ya kukifanya kitu kielee, si ile ya kufafanua, na kamusi hulipa maana ya boya au kitu chochote cha kuelea. Bila shaka aliyelichagua alimfikiria mtu anayezama akarushiwa kitu cha kushika. Wazo si baya. Bahati mbaya ni kwamba neno lina kazi nyingine iliyo hai: chelezo ni mahali ambapo meli hupandishwa nchi kavu ili itengenezwe au iundwe. Mtu wa mwambao wa Nyasa anazijua meli na habari zake. MV Mbeya II iliundwa upande wa Kyela ikaanza safari za ziwa hili mwaka 2021. Tena chelezo, katika historia ya mwambao huu, si alama ya usalama. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa juu ya chelezo huko Liuli, iliyoitwa na Wajerumani Sphinxhafen, ikitengenezwa. Meli ya Kiingereza Guendolen ilitokea upande wa pili wa ziwa, ikaipiga na kuiharibu pale pale ilipopandishwa. Nahodha Mjerumani alikwenda kwa mashua kumkaripia mwenzake Mwingereza, waliyekuwa wakifahamiana, akaambiwa kwamba nchi zao ziko vitani, jambo ambalo habari zake zilikuwa hazijamfikia. Akachukuliwa mateka. Ni kisa cha mawasiliano kuliko cha vita, lakini tumekitaja kwa ajili ya neno.

Pendekezo letu ni nakala ya akiba. Akiba haihitaji kufundishwa kwa mkulima wa kahawa ambaye fedha zake huja kwa msimu, wala kwa mwanamke wa Lituhi anayeanika usipa wa kula wakati ziwa limechafuka. Wote wanajua kwamba akiba hutengwa, haichanganywi na matumizi ya kila siku, hukaguliwa isije ikaingia wadudu, na haiwekwi yote katika chungu kimoja. Sifa hizo nne ndizo sifa za bakapu iliyo njema.

Pana neno lingine la hatari zaidi kwa sababu linafanana na akiba bila kuwa akiba. Simu inapojilinganisha na kompyuta au na wingu ili zote ziwe na vitu vile vile, tendo hilo huitwa kusawazisha au kulandanisha. Tunapenda kulandanisha zaidi, kwani kusawazisha kuna kazi nyingi mno. Lakini vyovyote liitwavyo, msomaji ashike hili: vitu vilivyolandanishwa hufa pamoja. Binti akifuta picha katika simu, kwa bahati mbaya au kwa hasira, picha hiyo hufutika upande wa pili pia. Nakala ya akiba haifuatishi makosa. Hukaa kama ilivyokuwa siku ilipowekwa. Mfasiri atakayeandika "landanisha" mahali pa "weka nakala ya akiba", au kinyume chake, amemfanya mtumiaji afute kitu akiamini kwamba kingine kipo.

Na wingu? Jina limekwisha kuota mizizi na hatutaling'oa, ila walimu walifafanue. Wako wanaodhani kwamba vitu vya mawinguni viko angani kwenye setilaiti. Viko katika majengo makubwa yenye kompyuta nyingi, aghalabu nje ya nchi, na njia kuu ya kuvifikia ni nyaya zilizolala chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika au kukatika katika Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo wingu halikuwa na mvua. Zaidi ya hayo, kuna suala la hesabu. Kumbukumbu za gigabaiti 64 zikipandishwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde zitachukua saa 71, yaani karibu siku tatu usiku na mchana, na bando lake litashinda bei ya diski. Kwa hiyo katika wilaya zetu nakala ya kwanza iwe ya diski, na wingu litumike kwa vitu vichache vilivyo vya thamani kuliko vyote.

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo sasa hufundishwa kila mahali: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yao iwe mbali. Kwa mwalimu wetu nakala ya kwanza ni ile iliyo katika kompyuta mpakato anayoitumia. Ya pili ni diski ya nje, ambayo huchomekwa mara moja kwa juma na kuchomolewa mara kazi inapokwisha, kwa sababu radi za masika hazibagui kati ya kompyuta na kitu kilichochomekwa ndani yake. Ya tatu ni diski nyingine iliyoko Mbamba Bay kwa yule mdogo wake, nayo hubadilishwa kila mmoja wao ashukapo au apandapo kwa barabara ya lami. Diski itakayosafiri kwenye basi ikiwa na alama za wanafunzi yafaa isimbwe, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikusema kwamba taarifa zikiwa mkobani si taarifa. Kisha, mara mbili kwa mwaka, mwalimu achukue faili moja kutoka kila diski na kujaribu kuirejesha. Kurejesha ndilo neno la upande wa pili wa akiba, na ajabu ni kwamba katika maelezo mengi yaliyotafsiriwa neno hili huja mwishoni kabisa, au halimo.

Liko jambo moja ambalo bado hatujalipatia jina la kuridhisha. Diski iliyochomolewa, iliyokaa kando kwa makusudi ili umeme wala virusi visiifikie, ina hali yake peke yake: si mbovu, haikuzimwa tu, haikutupwa. "Diski iliyotengwa" ni maelezo, si istilahi. Utaratibu wetu ni kutafuta kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na ndivyo tulivyopata bunge kutoka Kiha na ngeli kutoka Kihaya. Wavuvi wa mwambao, Wanyasa, Wamanda na Wampoto, huvuta mitumbwi yao hadi mchangani upepo wa kusini unapovuma, na mtumbwi ukakaa juu mpaka ziwa litulie. Tunawaomba walimu na watumishi walioko Liuli, Lituhi na Mbamba Bay watuandikie jina la mtumbwi ulio katika hali hiyo na la tendo la kuuvuta, pamoja na sentensi nzima ambamo neno limesikika, jina la kijiji, na kama msemaji alikuwa mzee au kijana.